Tangi Lililonyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeinua mfuniko wa tangi, nikasikiliza. Mapovu yanapanda. Mwanangu Akello mgongoni, pumzi yake moto shingoni mwangu. Kama wanapumua pamoja, yeye na tangi. Lakini wadudu wa mle hawataki hewa kabisa, fundi aliyelijenga alinieleza. Maji ya kuoga na kufua ya kambi nzima ya polisi yanaingia kwa chini, yanapanda polepole kwenye tope jeusi, wadudu wanakula uchafu. Maji yetu ni mepesi, chakula kidogo, ndiyo maana wanaongezeka kwa taabu. Nilisinzia nimesimama. Nikaota niko ndani ya maji yale, wala si baridi.

Jumatano, 5 Machi
Afisa wa mji anakuja Alhamisi ya wiki ijayo kukagua. Maji yakitoka yananuka, tangi litafukiwa. Uchafu utarudi kwenye mfereji wa milangoni petu. Akello ameanza kutambaa. Kaka yake alitambaa kando ya mfereji ule, akaugua. Ya hospitali sitaki kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Kimya. Hakuna hata povu moja.
Nikamkuta jirani yangu, Mama Opio, anasuuza ndoo. Amemwaga dawa ya kung'arishia nguo kwenye bomba la tangi. Yote. Anatabasamu.
"Mgeni anakuja, Mama Akello. Nimekusafishia mpaka kwa wadudu wako."
Hapa mgeni akija hata mawe yanaoshwa. Najua. Lakini nilikasirika. Nikamwambia amewaua. Akakaa chini. Nikamhurumia, sikumwonyesha. Nikamwamuru achote maji ya kisima tusuuze tangi.

Jumamosi, 8 Machi
Tumekwenda mtaa wa Lubaga, mimi na Mama Opio. Kuna tangi jingine la fundi yuleyule, nyuma ya hosteli. Fundi alituruhusu kuchota tope lake, lenye wadudu hai. Tukajaza madumu mpaka juu, tukafunga, hewa isiingie. Boda boda wote wametukataa. Tumetembea. Mama Opio alimwambia kila aliyeziba pua kwamba ni mchuzi wa harusi. Nilicheka, nikataka kulia.
Tumelimwaga tope lile tangini polepole.

Jumapili
Kimya.

Jumanne, 11 Machi
Kabla jua halijachomoza nimesikia povu. Au nilikuwa usingizini. Nimekaa, sikio kwenye saruji, mtoto ananyonya. Ukungu umejaa bondeni, nyumba zinaelea. Likaja jingine. Si ndoto.

Alhamisi, 13 Machi
Afisa amekuja. Akakinga maji kwenye glasi, akayanusa, akayainua kwenye mwanga. Yana harufu kidogo, alisema, ila si ya kufukia tangi. Libaki. Atarudi baada ya mvua. Chai ya Mama Opio hakuinywa.
Mchana umetulia. Wanawake wanafua, maji yanaenda chini kwa chini hadi tangini, mfereji ni mkavu. Nimetandika mkeka mlangoni, nikajilaza. Akello ametoka kwenye mkeka, ameingia kwenye vumbi, anaelekea kwa jirani. Sikumrudisha.