Saga ya Nasike

Jumanne, 13 Septemba 1988

Kliniki. Nasike kilo saba na nusu. Mwezi uliopita pia saba na nusu. Sista akaigeuza kadi huku na huku kana kwamba mimi ndiye niliyeichora. Ati mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mbona yuko hivi, mama, unampikia nini? Uji, nikasema. Akavuta mdomo. Uji peke yake! Mboga za majani na maharagwe, kila siku. Nirudi baada ya wiki mbili, na asipopanda kilo analazwa wodi.

Ana kucha nyekundu, yule. Hajawahi kuchuma hata jani la kunde. Lakini nimeogopa. Hapa daftarini sina wa kumficha – nimeogopa sana.

Vizuri sikumsikiliza mume wangu Kituyi. Ati mke wa karani wa kiwanda hawezi kuonekana akichimba shamba mtoni. Karani! Kazi yake ni kuhesabu magunia. Mboga ya saga imeshika, kunde imeshika. Sukuma wiki bado ni vidole viwili. Mvua nayo inakwisha, kwa hivyo ni debe la maji tu, asubuhi na jioni.

Alhamisi, 15 Septemba

Madebe manane, Nasike mgongoni. Wamalwa ana miaka mitano, nimempa mkebe asaidie kumwagilia. Amemwagilia jiwe. Nabwire, mwenye mitatu, aling'oa sukuma sita aone kama zimeota mizizi. Nimezirudisha udongoni. Nikamchapa kidogo, halafu nikajuta, halafu nikacheka.

Mzee Jackson amepita na koti lake na beji ya chama. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama hapa mtaani kwetu, West Indies. Ardhi ya mtoni ni ya kaunsili, lakini anayegawa vipande ni yeye, basi anatembea huko kama mtu aliyeumba mto. Ati Jumamosi anachaguliwa tena, tuonane uwanjani. Nani wa kumshinda? Mpinzani wake ni Waweru wa duka, mtu anayeomba radhi hata kwa mizani yake.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimefanya ujinga. Wacha niuandike wote.

Siku hizi hakuna karatasi za kura, ni mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako, karani anahesabu vichwa, na dunia nzima inakuona umesimama wapi. Filimbi ikilia hakuna kuhama. Mstari wa Jackson ulizunguka uwanja mpaka kwa vyoo vya shule, juani. Waweru alikuwa na watu wanne chini ya mkaratusi, kivulini.

Nasike alikuwa analia, kichwa moto. Nikasema nikae kivulini dakika mbili tu, nimnyonyeshe, kisha nivuke. Wamalwa na Nabwire wakaanza kucheza na vijiti hapo chini.

Filimbi.

Nikasema mimi si wa hapa. Karani akajibu, mama, miguu yako iko wapi? Uwanja mzima ukacheka. Waweru akageuka akanishukuru kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Ningemtemea mate.

Jackson 312. Waweru 5.

Jumapili, 18 Septemba

Kituyi hajala tangu jana. Anatoka mlangoni mpaka kitandani, hatua tatu, anarudi. Ati nimemmaliza kazini. Ati jina lake liko kwa midomo ya watu. Jina gani? Kabla ya jana nani alikuwa analijua?

Anataka nichume kapu zima la saga nimpelekee Jackson, niombe msamaha. Mkono mtupu haulambwi, Mama Wamalwa, anasema. Nikamwambia mkono mtupu hapa ni wa Nasike, aulambe huo. Akarudi kwenye hatua zake tatu. Kutembea anajua.

Jumatano, 21 Septemba

Vijana wawili wa chama wamepigilia vigingi kwa shamba langu. Ati Mzee amesema kipande hiki kitapewa mwanachama mwaminifu. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kunde, akaniuliza mbona nafuga magugu. Nikamwambia magugu hayo ndiyo yalimlea mama yake. Akainua kiatu. Angalau huyo alifunzwa na mtu.

Hawajasema lini. Nimeendelea kumwagilia, vigingi na vyote.

Jumanne, 27 Septemba

Kilo saba pointi nane! Sista alimpima mara mbili. Umempa nini? Saga, kunde, maharagwe ya kuponda. Basi mama endelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka – kana kwamba nina hati ya shamba mfukoni. Nililia nyuma ya geti la kliniki, nikapangusa uso, nikarudi nyumbani.

Jioni Jackson mwenyewe akaja mlangoni. Karani wa kura amepoteza fomu, uchaguzi unarudiwa Jumamosi. Alihesabu watu zaidi ya mia tatu, karatasi moja ikamshinda! Jackson akasema, Mama Wamalwa, ukisimama vizuri, utalima vizuri. Kituyi alicheka mpaka akakohoa.

Nikasema, ndiyo, Mzee. Nilisema. Kwa mboga za mtoto ningesimama hata nyuma ya mbuzi.

Jumamosi, 1 Oktoba

Tulifika mapema. Mstari wa Jackson, mimi nilikuwa wa kumi. Kituyi alinishika kiwiko kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Nikatafuta Waweru. Chini ya mkaratusi hakukuwa na mtu, ni picha yake tu imepigwa msumari kwa mti. Yeye alikuwa nyuma yetu. Kwa mstari wa Jackson! Kofia imefunika macho. Sijawahi kumdharau mtu hivyo. Kisha nikaona mimi niko mbele yake, mstari ule ule.

Wamalwa akauona mti. Akamshika Nabwire mkono, wakakimbia, wakaketi pale pale pa juzi, akaita kwa sauti ya kengele: Mama, njoo, kwetu ni hapa!

Vichwa vyote vikageuka. Jackson akatabasamu kwa meno tu. Karani, filimbi mdomoni, akasema toa hao watoto, mama. Kituyi akaachilia kiwiko. Enda haraka, akasema.

Nikaenda, Nasike mgongoni. Nikawafikia. Nafasi ya kurudi ilikuwepo, karani alikuwa ananingojea. Nikautazama ule mstari wote, Kituyi ndani yake, Waweru ndani yake. Nikaketi chini na watoto wangu.

Filimbi.

Nisijidanganye ati ni ushujaa. Ilikuwa dharau tu, na dharau haipandishi mtoto kilo.

Sasa ni saa kumi. Nimechuma saga ya leo na ya kesho, zaidi ya hapo ingekuwa kuiua. Kituyi hajarudi. Nabwire ameingia mbio: kuna watu shambani, wana panga, Mzee Jackson yuko nao.

Nasike anakula. Imebaki nusu sahani. Amalize kwanza, ndipo nishike debe niende.