Nyuzi Sita za Gita ya Asumani

Jumamosi, 25 Juni 1994

Madina amekuja kutoka shule Arua, siku mbili tu. Amekonda. Nikamwuliza wanawapa nini kule. Posho na maharage, Habuba, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. Nikamwambia hayo maharage labda yanapita mbele ya sahani yanawasalimu tu!

Anakula, anaongea. Kuna dibeti shuleni, mashindano ya kubishana, Jumamosi tarehe tisa. Shule nzima wanakaa kusikiliza. Swali ni hili: muziki wa rock iko hai mpaka leo, ama imekufa? Nikauliza wewe umewekwa upande gani. Akaangalia ugali. Imekufa, Habuba.

Imekufa! Mtoto wa Asumani! Mwanangu Asumani aliyepiga gita ya umeme katika bendi ya batalioni mpaka glasi za kantini zinatembea juu ya meza. Binti yake asimame mbele ya watu, aseme imekufa!

Nikamwambia huna aibu. Akasema si mimi nilichagua, mwalimu alipanga. Basi mwalimu wako naye hana aibu. Akacheka. Kicheko cha puani, cha baba yake. Sikupenda kukisikia leo.

Dibeti ni ya Kiingereza. Ukisema lugha ya nyumbani mle shuleni, hata Kiswahili, unavalishwa kibao shingoni wiki nzima. Nikauliza sasa mimi nikija nitasikia nini? Akasema utasikia kelele.

Anataka gita ya baba yake. Ya kuonyesha watu.

Jumapili, 26 Juni

Nimeitoa kwenye ghala. Miaka nane iko mle, tangu turudi kutoka Sudan. Niliizika ndani ya majani ya tumbako, mchwa hawakuigusa. Inanuka mpaka macho yanatoa maji. Nyekundu bado. Pembe moja imevunjika.

Madina aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Akapitisha kidole pale katikati. Akauliza, nyuzi iko wapi, Habuba?

Nikasema askari walikata. Siku ya kukimbia, njiani.

Nimesema hivyo miaka kumi na nne. Kwa jirani Tombe, kwa sheikh, kwa kila mtu. Maneno yalitoka yenyewe kama kikohozi.

Lakini leo Madina alichukua kalamu. Akaandika! Akasema hii itakuwa mwisho wa hotuba yangu. Nitainua gita juu, nitasema askari walikata nyuzi za baba yangu, na gita bila nyuzi ni maiti. Watu watalia.

Nikamwambia funga hicho kitabu, nenda ukateke maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Jumatatu, 27 Juni

Amerudi Arua. Gita nimekataa kumpa. Nimesema nitaileta mwenyewe, lori linaruka, utavunja pembe ya pili. Siyo hiyo sababu.

Nimefagia ua mara tatu. Kuku wakiniona wanakimbia.

Jumatano, 29 Juni

Hiki kitabu ni changu. Hakuna mtu anasoma. Basi niandike.

Mwaka 1980, mwezi wa kumi, vita ilipofika kwetu, tulikimbia kwenda Sudan kwa miguu. Asumani alitufikisha ng'ambo ya mpaka. Mke wake alikuwa amebaki nyuma, mgonjwa, kwa watu wake Aroi. Asumani akasema anarudi kumchukua. Akanifunga Madina mgongoni, miaka mitatu. Gita akaniwekea kichwani. Akasema, mama, mtoto na gita. Na nyuzi mtu asiguse. Nikirudi napiga hapo hapo.

Hakurudi. Mke hakuja.

Tulikaa porini miezi kadhaa kabla ya kupata kambi. Madina alivimba tumbo. Nywele zikawa nyekundu kama za mahindi. Akaacha kulia, na mtoto akiacha kulia ndiyo unaogopa. Kila asubuhi kanga walikuwa wanashuka kwenye kijito pale pale, wanene, wanaringa! Baba yangu alinifundisha kutega. Nilikuwa na mikono, nilikuwa na miti. Waya sikuwa nayo.

Nilikuwa nayo. Sita.

Siku tatu niliitazama gita. Siku ya nne nilichukua panga nikakata ule uzi mwembamba. Asubuhi kanga alikuwa amenaswa mguu, anapiga mabawa. Nikachinja. Madina akanywa supu, akalamba bakuli, akasema: tena.

Wiki nyingine nikakata wa pili. Halafu wa tatu. Ule mnene kabisa ulishika paa, tukala na majirani. Zingine ziliota kutu, mmoja sungura alikimbia nao mguuni. Mvua ilipokuja gita ilikuwa ubao tu.

Sikulia. Niliona haya. Asumani aliniomba kitu kimoja.

Kwa hiyo nikasema askari. Askari wamekata vitu vingi, hicho kimoja hakiwezi kuwaongezea mzigo. Nilifikiri hivyo. Sasa mtoto anataka kusimama mbele ya shule nzima na huo uongo wangu, kwa jina la baba yake. Na kwa huo uongo aonyeshe kwamba imekufa.

Asumani akirudi nitamwambia nini?

Nimeandika tena: akirudi.

Ijumaa, 1 Julai

Baada ya swala nimepita sokoni Ludara. Nikasimama kwa kijana wa kaseti. Nikamwambia nipe rock. Akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. Mama, rock? Hiyo hakuna mutu anauliza. Iko ya Zaire, iko ragga, iko kwaya. Chukua kwaya, wazee wanapenda. Nikamwambia kwaya mpelekee bibi yako! Watu wakacheka. Na mimi Mwislamu!

Tombe alikuwa hapo anavuta tumbako yake. Akaingilia. Mama Asumani, rock ilikuwa ya askari. Askari tumekwisha, na rock imekwisha. Yeye alikuwa mpishi wa batalioni, anasema askari! Nikamwambia umekwisha lini, Tombe, na juzi umekula mihogo yangu nusu gunia?

Akapuliza moshi. Halafu akasema: lakini yule kijana wako! Unakumbuka ile mkono?

Nakumbuka. Asumani hakuwa anaanza kupiga gita watu wakiongea. Alikuwa anainua mkono wa kulia juu ya kichwa, anausimamisha. Anangoja. Kantini imejaa walevi, wanapiga kelele, wanamtukana, yeye anangoja tu. Hata meja alikuwa ananyamaza. Ikiwa kimya kabisa, mpaka unasikia nzi, ndiyo mkono unashuka. Wanawake tulikuwa tunaruka kwenye viti!

Nilikuwa namgombeza. Nilimwambia hiyo si muziki, ni ugomvi. Anacheka puani.

Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma. Ile kelele imekaa humo siku nzima.

Jumanne, 5 Julai

Siwezi kukaa. Nakaa, nasimama. Nimeanza kusuka kikapu, nimekitupa. Kesho kutwa kuna lori la mihogo la kwenda Arua. Gita nimeifunga kwa shuka. Tombe ameuliza unapeleka maiti gani hiyo. Nikamtukana, naye akanisaidia kufunga kamba.

Alhamisi, 7 Julai

Arua. Mgongo umevunjika kwa yale mashimo ya barabara. Vumbi mpaka kwenye meno.

Niko Onduparaka kwa Natale. Natale alipiga ngoma katika bendi moja na Asumani. Sasa ni fundi wa redio, mvi kichwani, na ukutani kwake hakuna picha ya Yesu wala ya mama yake. Iko timu ya mpira! Mke wake Alice amenipa chai nzuri, sukari kidogo.

Nilifungua shuka juu ya meza yake. Akaacha redio aliyokuwa anatengeneza. Akainusa gita. Akasema, Mama Asumani, umeifanya sigara.

Halafu akauliza nyuzi za zamani zilienda wapi.

Mdomo wangu ulifunguka useme askari. Lakini Natale mwenyewe alikuwa askari, amekaa mbele yangu, ananimiminia chai. Nikamwambia ukweli. Kanga, paa, sungura, yote. Yeye ni mtu wa kwanza kusikia.

Aliweka birika chini, nikafikiri ataniita mwizi. Akasema: Mama, Asumani alikuwa anajua kula kuliko kupiga. Angekata mwenyewe, na angekata ile minene kwanza!

Tukacheka mpaka Alice akaja kuangalia. Baadaye ndiyo nikasikia alivyosema juu ya Asumani. Alikuwa. Sikumrekebisha. Ni mara ya kwanza sikumrekebisha mtu.

Nyuzi za gita Arua hakuna. Natale akachukua waya ya breki ya baisikeli, akaichambua uzi mmoja mmoja kama unachambua katani. Nyembamba akaweka hivyo hivyo. Nene akasokota mbili mbili, tatu tatu. Akakaza, akagonga, akasikiliza kwa jino, anaweka jino lake kwenye mbao! Halafu akachomeka kwenye redio kaseti, na redio kwenye betri ya gari.

Ikalia. Siyo kuimba. Kulia, kukwaruza, kama lori linafunga breki kwenye mteremko na watu ndani. Watoto wa jirani wakakimbilia mlangoni. Alice akaziba masikio. Natale na mvi zake anapiga meza kwa vidole, bum-bum, bum, amesahau mimi ni mama ya watu.

Nikamwuliza sasa wewe unasemaje, iko hai ama imekufa? Akasema, Mama, haikufa. Ilikatiwa stima. Rock inataka stima, na sisi tangu vita tuna mishumaa.

Kesho naenda kwa Madina.

Ijumaa, 8 Julai

Nimemwambia.

Mwalimu wa zamu alitupa dakika kumi kwenye veranda ya stoo. Madina alifurahi kuona gita, halafu akaona nyuzi. Uso ukabadilika. Akasema Habuba, umeharibu hotuba yangu! Mimi nasema haina nyuzi!

Nikamwambia kaa chini. Nikasema yote, haraka, kama mtu anatoa mwiba. Sikuomba msamaha. Sijui kuomba, nimezeeka bila kujifunza.

Akasema, miaka yote ulisema askari.

Nilisema.

Nimekwisha andika hotuba, Habuba. Mwalimu amesahihisha.

Basi soma hicho ulichoandika.

Akakaa anakuna waya ya breki kwa ukucha. Ikatoa sauti ndogo kama mbu. Akauliza bila kunitazama: mimi ndiyo nilikula?

Wewe. Ukalamba bakuli, ukasema tena.

Kengele ikalia. Akabeba gita akaenda. Hakuniaga! Mgongo umenyooka kama mti wa hema. Ningemwita nimgombeze. Sikumwita. Huo mgongo ni wangu, nimempa mwenyewe.

Alice ameniuliza mtoto amesemaje. Nikamwambia chai yako haina sukari.

Jumamosi, 9 Julai

Naandika hapa hapa shuleni. Ukumbi umejaa, mwalimu amenipa kiti nje, kwenye dirisha. Amesema hapa utapata hewa. Hewa naijua, nilitaka kuona!

Natale iko ndani na redio na betri, hajaniambia nani alimwita. Nimemwona anaingia, amevaa shati ya harusi. Madina alipita mbele yangu na wenzake, gita begani. Akasema shikamoo Habuba. Basi. Hiyo tu.

Kiingereza kimeanza. Kinamwagika kama changarawe kutoka tipa. Mvulana mrefu anasema iko hai, najua kwa sababu anarukaruka. Nasikia rock, rock, rock, na katikati sisikii kitu. Wanampigia makofi. Anakaa.

Msichana wa upande wa Madina. Imekufa. Sauti nyembamba. Makofi tena! Hawa watoto wanapiga makofi kwa kila mtu?

Nageuza ukurasa.

Wameita. Madina Asumani. Hilo nimelisikia vizuri.

Nasikia karatasi. Anaifungua ile hotuba. Ile ya askari. Sawa. Ni yangu, nimeipika mwenyewe, nitaisikia.

Hasemi.

Karatasi inakunjwa.

Amesema! Kwa Kiswahili! Nimesikia kila neno: Mimi nilikula nyuzi za gita ya baba yangu.

Ukumbi wote unacheka. Wanapiga madawati. Mwalimu anagonga kengele, anapiga kelele Kiingereza, Kiingereza! Huyu mtoto atavaa kibao wiki nzima. Na hakai chini. Wanacheka, na hakai chini.

Nimepanda juu ya kiti. Sijali. Namwona. Gita iko kifuani. Natale amechomeka, taa nyekundu ya redio imewaka. Na mkono wa kulia wa Madina iko juu ya kichwa. Umesimama.

Hiyo ya mkono sikumwambia. Hata siku moja. Labda Natale. Sijui.

Anangoja. Mstari wa mbele wamenyamaza. Wa katikati wananyamaza. Mwalimu ameshika kengele, haigongi. Mkono iko juu bado. Kuna mmoja tu anacheka, yule mnene pale nyuma, karibu na dirisha langu.

Nyamaza wewe!