Kamongo kwa bwawa la Ogola

Benta, nimeona picha yako sasa hivi. Huo udongo wa bwawa lako umeutoa ufuoni mwa ziwa? Mtoe mtoto hapo!

Unamkumbuka Ogola wa Nyamasaria, mwaka wa 1993? Alimchimbia bibi yake bwawa la koi, wale samaki wekundu wa urembo, akalisiliba kwa tope la ziwani.

Samaki wakaanza kupungua. Asubuhi anakuta kichwa tu. Kichwa tu, Benta! Akamvamia jirani yake Dalmas kwa rungu. "Mwizi! Unakula urembo wa bibi yangu?" Akamvunja mkono.

Jumapili binti wa Ogola, Seline, akatia mkono majini awalishe. Nduru! Kumbe kamongo, yule samaki mrefu wa ziwani mwenye meno makali, alikuwa amelala ndani ya lile tope tangu kiangazi, maji yakamwamsha. Amemng'ata vidole, haachi, maji yote damu. Ogola anavuta mtoto, analia.

Ni Dalmas aliyeruka ua na panga, mkono mmoja kwa plasta, akamkatakata yule kamongo mpaka akaachia.

Vidole viwili vilikuwa vimeenda.

Dalmas akatupa panga miguuni pa Ogola. "Bwana, mwizi wako ndiye huyo. Sasa mbebe mtoto hospitali, mimi sina mkono."