Bango Uliloliacha Uvunguni

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo mlivyonilea, si kwa sababu hasira zimeisha. Hazijaisha.

Tangu tukuzike hapa Lumemo watu bado wanakusifu. "Mzee yule alijua kuongea!" Ulijua kuongea, ndiyo. Na shamba la bondeni tukalikosa.

Kabla ya kesi, wiki nzima nilichora bango lile: kijito, mkuyu, majaruba ya mpunga ya mama, mpaka wetu na jirani. Nilitaka ulitundike mbele ya baraza la ardhi. Ulilitazama mara moja, ukasonya. "Nisimame na michoro kama mwalimu wa chekechea? Mdomo wangu unatosha." Haya, ukaenda na mdomo wako. Ukamwaga methali, wakacheka, wakakupigia makofi. Kisha wakampa jirani shamba, maana hakuna aliyeelewa huo mkuyu uko upande gani. Mama amepanda mpunga pale tangu sijazaliwa, Baba. Ukasema tutakata rufaa. Ukafa, ukaniachia mzigo.

Juzi ndiyo rufaa ilisikilizwa, kwenye baraza la wilaya. Asubuhi nikalivuta bango uvunguni mwa kitanda chako, nikaona mstari wa mkaa. Mkono wako, ule wa kutetemeka. Mimi nilikuwa nimechora kijito kinapopita kiangazi, upande wetu wa mkuyu. Wewe ukachora kinapopita masika, ng'ambo ya mkuyu, pale babu zetu walipokubaliana mpaka. Mchoro wangu ungempa jirani shamba lote! Uliliona kosa, ukalisahihisha, ukanyamaza. Ungepungukiwa nini kuniita, "Mwanangu, hapa umekosea"? Tungekwenda wote, wewe na mdomo wako, mimi na bango langu. Kiburi tu, Baba. Kiburi!

Nikalitundika. Nikaanza kulisomea bango lenyewe, wazee wa baraza nimewapa mgongo, mpaka mama akakohoa. Nikakumbuka ulivyonigombeza nilipokuwa nasoma somo kanisani: "Watazame watu! Karatasi haina masikio." Nikageuka. Nikaongea kidogo, nikaweka kidole kwenye mkaa, nikawaacha waangalie.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasogea. "Mstari huu kachora nani?"

Haki ya Mungu, nilitaka kusema mimi, nikukomoe. Nikasema, "Baba yangu." Halafu nikalia mbele ya watu wazima kama mjinga.

Shamba limerudi. Mama ameshaloweka mbegu.

Pumzika basi. Sijakusamehe, na sijui lini nitakusamehe, lakini mkaa wako siufuti. Nakuahidi hili moja: mwanangu akichora kitu akakosea, nitamwambia nikiwa hai.

Binti yako,
Fausta