Kipimo cha Baruti cha Baba

Bonde la Sugartree,
Jumapili, mvua inanyesha.

Kwa kaka yangu Farrell,

Pokea salamu zangu, nyingi kama matone yanayogonga bati langu asubuhi hii. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo wa wifi Maxine umepata nafuu. Huku hatujambo. Shangazi Zelpha bado yupo, bado mkali, na bado anakula nyama ya kukaanga aliyokatazwa na daktari. Uyoga wa msimu huu umeota kwa wingi, nimekukaushia mfuko mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa bega la kulia limevilia damu, na sababu ya bega hilo ndiyo inayonifanya nikuandikie kirefu.

Barua yako niliipata kabla theluji haijaisha. Uliniambia niwape watu wa ukoo gobori la babu la mitutu miwili na nisigombane na watu kwa ajili ya chuma kibovu. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia jikoni ikaungua. Usikasirike. Mimi ni dada yako, si mtumishi wako, na sikuwa tayari kuwapa.

Wewe ulisikia nusu tu ya mpango wao. Binamu Verl ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi siku hizi, na cheo kimempanda kichwani. Alikuja kwangu na kofia mkononi, akala pai yangu vipande viwili, ndipo akasema kwamba wameamua kulichomelea gobori juu ya lango la makaburi, chini ya jina la ukoo, liwe ukumbusho wa Baba. Nikamwambia bunduki si pambo la geti. Akacheka, akasema, "Dada Oleta, bunduki gani hiyo? Tangu yule Mpinda-Mtutu aanguke nalo, hilo si bunduki tena, ni bomba la maji." Alisema hivyo mezani kwangu, akiwa na pai yangu mdomoni.

Najua hupendi kukumbushwa, lakini nitakukumbusha, maana bila hilo mengine hayatasimama. Ulikuwa mtoto, ukateleza kwenye mawe ya kijito ukiwa umembebea Baba gobori. Kesho yake Baba akaketi chini ya mwaloni, baba mdogo Lonnie na majirani wakiwa nyuma yake. Dume kubwa la bata mzinga mwitu likaja karibu kabisa, limetandaza mkia, limenyoosha shingo. Baba akafyatua. Moshi ulipoondoka, ndege akaruka mzima, bila unyoya kudondoka. Baba akakugeukia mbele ya watu wote, akasema umeupinda mtutu. Kuanzia siku hiyo bonde zima lilikuita jina hilo, shuleni, kanisani, hata dukani. Ulipopata nguvu za kuondoka uliondoka, na siku tuliyomzika Baba ulisimama nje ya lango kama mtu aliyepotea njia.

Basi nilimwambia Verl kwamba gobori haliendi kwa fundi wa kuchomelea. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho akanipa sharti, nadhani kwa kunidhihaki: nikiua dume msimu huu kwa gobori hilo hilo, yeye akiwa shahidi, atafunga mdomo na litabaki kwangu. Nikishindwa, nilipeleke mwenyewe langoni kabla ya siku ya kupamba makaburi. Nikamshika mkono papo hapo, asije akabadili maneno.

Nilianza kazi upepo wa baridi ungali unakata masikio. Nilichora kichwa na shingo ya bata mzinga kwenye karatasi kubwa za buchani, nikazitundika kwenye uzio nyuma ya ghala. Baba hakuwahi kunifundisha kulipakia, alisema si kazi ya msichana, kwa hiyo ilibidi nijifunze kwa kulikosea. Verl akaniletea kipimo chake cha baruti, kile cha pembe ya kulungu alichorithi kwa baba yake. Utakikumbuka: Baba na baba mdogo Lonnie walimuua kulungu mmoja, wakakata pembe zake mbili wakatengeneza vipimo viwili sawasawa, kila mmoja chake. Verl akasema nitumie hicho hicho, maana ndicho kiasi cha wazee. Kauli ya Baba unaijua: ndege mkubwa anataka baruti kubwa.

Nikafanya kama wazee. Nikamimina baruti ya kipimo cha Verl, nikashindilia vizibo kwa mdeki, nikatia marisawa, zile chembe za risasi, kwa kile kikombe cha shaba cha kuzipimia, nikaweka kizibo chembamba juu, nikapachika fataki ya kuwashia. Nilipofyatua, nusura nikae chini. Ndilo bega ninalokuambia. Nikaenda kuitazama karatasi. Farrell, marisawa yalikuwa yametawanyika pembeni kote, mengine yamekula mbao za uzio, na katikati, pale nilipochora kichwa, palikuwa peupe. Palikuwa na pengo ambamo sahani ingetosha. Nikarudia kwa mtutu wa pili, ikawa vile vile. Verl alikuwa ameegemea gari lake, akaniambia, "Si nilikwambia? Limepinda hilo. Litie rangi tu dada'angu, lipendeze getini."

Nilisubiri aondoke, nikaketi jikoni na karatasi zangu, nikawaza. Mtutu uliopinda ungepeleka marisawa upande mmoja. Haya yalikuwa yamezunguka pande zote kwa usawa, yameacha katikati. Kilichoyasukuma hivyo si mtutu. Ni baruti nyingi mno kwa marisawa machache, inayapiga teke kutoka nyuma mpaka yanakimbiana.

Kesho yake nikashusha mkoba wa Baba wa kuwindia, ule uliokaa msumarini tangu afe. Ndani nikakuta kipimo chake mwenyewe cha pembe. Nikakijaza, nikamimina kwenye kikombe cha shaba, kikajaa barabara, hakikupungua wala kumwagika. Nikapakia: baruti kipimo, marisawa kipimo hicho hicho. Gobori likanisukuma tu, kama mtu anayekuomba umpishe. Karatasi ile ningependa uione. Kichwa kimejaa, shingo imejaa, na yote yamekaa pale pale nilipolenga. Nikapiga mtutu wa kushoto, ukafanya hivyo hivyo. Nikarudi nyuma hatua chache chache, nikibadilisha vizibo, kimoja kinene badala ya viwili, nikipaka kile cha chini mafuta, mpaka nikajua ndege akiwa umbali gani nimpige na umbali gani nimwache. Mikono ilinuka yai bovu kwa moshi wa baruti wiki nzima, hata kanisani mama mmoja alisogea kiti. Nilimwacha asogee.

Msimu ulipofunguliwa nilimwambia Verl aje bila maneno mengi. Alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, akaketi nyuma yangu akinong'ona kwamba fundi anasubiri. Nikamwambia akinong'ona tena nitampakia yeye. Dume likajibu kisanduku changu cha kuigiza sauti ya jike kutoka mlimani, likanyamaza muda mrefu, nikadhani limeninusa uongo. Kisha likatokea kwenye maua meupe, kichwa chekundu, kifua mbele, likitembea kama limerithishwa msitu. Nililiacha lije. Verl alikuwa anapumua kwa mdomo. Likaja mpaka pale ninapopajua, likanyoosha shingo, nami nikafyatua mtutu wa kulia. Moshi ukatufunika. Nilitembea ndani ya moshi ule, na nilipotoka upande wa pili dume lilikuwa limelala, mkia umefunguka, halikupiga hata bawa la pili.

Verl akaligeuza kwa mguu, akasema ni bahati. Nikamwambia alibebe, maana bahati ni nzito.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, kaka yangu. Kama umesimama, kaa.

Jioni hiyo nilipokuwa nasafisha mitutu kwa maji ya moto, vile vipimo viwili vilikuwa mezani, cha Verl na cha Baba, vimelala sambamba. Ndipo nikaona. Cha Baba ni kifupi. Vilikatwa sawa, bonde zima linajua, walivilinganisha hata harusini kwa kunywea pombe. Cha Baba kimekatwa tena, na mahali pa msumeno pamesuguliwa mpaka pakawa laini. Nilivichukua vyote viwili, nikamwendea Shangazi Zelpha, nikamwekea mapajani.

Akaniambia kwamba mwaka ule ule wa aibu yako, majani yalipoanza kudondoka, Baba alikwenda peke yake nyuma ya ghala na karatasi, akapiga siku nzima. Alirudi, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kukata pembe. Shangazi akamuuliza anafanya nini. Baba akasema mtutu hauna kitu, ni baruti yake tu ilikuwa nyingi. Shangazi akamwambia, basi mwite mtoto umwambie. Baba akajibu kwamba neno alishalisema mbele ya wanaume, na mwanamume hawezi kulilamba tena, na kwamba wewe bado mdogo, utasahau. Akamwapisha asifungue mdomo. Gobori akalitundika, akawa anawinda na bunduki ya dukani mbele ya watu. Shangazi alilia akinisimulia, lakini nami sikumbembeleza. Nilimwambia kwamba wewe hukusahau.

Alijua, Farrell. Alikaa meza moja na wewe miaka yote ile, akisikia wakikuita jina lile, na alikuwa anajua.

Nilimpenda Baba na bado nampenda, lakini hili simsamehei, na sitasema uongo ili marehemu alale vizuri. Jumapili iliyofuata tulikula dume lile kwa Verl, ukoo mzima, na mkate wa mahindi na mboga za porini. Waliposhiba nikasimama, nikatandika karatasi mbili mezani katikati ya vyombo, ile yenye pengo na ile iliyojaa, na juu ya kila moja nikaweka pembe yake. Nikawaeleza yote. Shangazi Zelpha, kwa kinywa chake, akasema, "Ni kweli, na nyamazeni, nina umri wa kusema." Wengine waliinamisha macho. Mke wa Verl akasema namchafua marehemu. Verl mwenyewe alizishika zile pembe, akazisimamisha pamoja, akazitazama, kisha akatoka nje bila kofia. Jana alituma ujumbe kwamba ingekuwa vyema nisifike siku ya kupamba makaburi mpaka mambo yapoe.

Nitafika. Nitaingia kwa lango lile lile, gobori begani, na maua ya kaburi la Mama mkononi, na anayetaka kunizuia aje anizuie. Kaburi la Baba nitalipamba pia. Nitalipamba na kusema ukweli, vyote viwili siku moja.

Nataka na wewe uje. Usije kuomba radhi wala kuombwa, sijui kama wataomba, ni watu wagumu na sisi ni damu yao. Njoo tu upite lango. Gobori nimelisafisha, halina kitu ndani. Nilipiga dume kwa mtutu wa kulia tu. Kabla ya kwenda makaburini tutapita nyuma ya ghala, nimekutundikia karatasi mpya, na wa kushoto utaupakia na kuupiga wewe mwenyewe, kwa kipimo kile kifupi. Uende uitazame karatasi kwa macho yako, uipasue uzioni, uiweke mfukoni, ndipo twende.

Msalimu sana wifi Maxine, mwambie chumba cha upande wa jua nimekitandika. Shangazi Zelpha anakusalimu, na ameniambia niandike kwamba anakuomba msamaha yeye kwa niaba yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Nikutakie safari njema, maana sitaki jibu la barua.

Ni mimi dada yako, mbishi kama ulivyoniacha,

Oleta

Unyoya nilioufunga humu ni wa mkia wa dume. Ule mwingine, wa dume la mwaka ule, liliruka nao lenyewe, na hilo halikuwa kosa lako hata kidogo.