Vidole Vyangu Mdomoni mwa Kamanda

Endasak, Hanang

Dada yangu Kresensia,

Shikamoo dada. Hamjambo huko Mbinga? Mguu wa mama unaendeleaje, na kahawa mmeshaanza kuanika? Huku baridi ya mlima imeshuka, asubuhi mtu unaongea na moshi unatoka mdomoni, lakini mahindi yamekubali na maharage yanapurwa kila nyumba. Mimi ni mzima. Hilo neno "mzima" nimeliandika polepole, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Barua hii isome peke yako kwanza. Usimsomee mama. Ningepiga simu, lakini unamjua mama yetu, kila simu lazima aiweke sauti ya nje na majirani wachangie. Tena sauti yangu ingenisaliti kabla sijamaliza salamu. Kwa hiyo barua nimempa mwenzangu wa ofisi ya kata anayekuja likizo Songea, naye ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Wewe unajua kazi niliyotumwa huku. Afisa mifugo maana yake ng'ombe, mbuzi, na kuku wakianza kufa. Mbwa hawaletwi. Mbwa akiugua anaachwa apone mwenyewe au afe. Ndiyo maana Mama Paskali, mjane anayeniuzia maziwa, alipokuja ofisini mbio, miguu pekupeku, nilijua ni ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Nikachukua mkoba wangu hata kabla hajasema.

"Daktari, Kamanda amekwama mfupa. Anakufa."

Kamanda ni mbwa wake. Tangu mumewe afariki, huyo ndiye aliyekuwa analala mlangoni pa zizi kuzuia fisi, na mama huyo alikuwa anaongea naye kama anavyoongea na mtu. Jumapili walichinja mbuzi kwa ajili ya Komunio ya kwanza ya mjukuu wake, na mbwa alishinda anatafuna mifupa. Kila kitu kilikuwa kimeshajieleza chenyewe. Sikuuliza zaidi, na hapo ndipo nilipokosea.

Tulimkuta amelala nyuma ya zizi. Taya la chini lilikuwa linaning'inia, mate yanatoka yameshikana kama uzi. Mbele yake kulikuwa na sufuria ya maji, anayatazama tu. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti ya kukwaruza. Hakuwa mkali hata kidogo, dada. Aliponiona alitikisa mkia. Ule mkia ndio ulionimaliza.

Mkobani nilikuwa na zile glovu ndefu za plastiki za kupimia mimba ya ng'ombe, zinazofika begani. Zinapwaya mno, ukizivaa vidole havihisi kitu kidogo. Nilivaa moja, nikaivua. Mama Paskali akamshika kichwa, mimi nikaingiza vidole mpaka kooni.

"Kulia," aliniambia. "Hata mimi niliutafuta asubuhi. Nilisikia kitu upande wa kulia."

Nikatafuta kulia. Nikatafuta kushoto. Nikafika mwisho wa koo, pale ambapo vidole haviendi tena. Hapakuwa na mfupa.

Chuoni tulifundishwa wazi kabisa kwamba mbwa akionekana amekwama mfupa, taya limelegea na hamezi, kabla hujaingiza mkono fikiria kichaa cha mbwa. Kuna aina ambayo haimfanyi mnyama aume watu wala kukimbia hovyo. Inampooza tu, akiwa mpole vilevile. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani na nililipata, kwa hiyo usinicheke, au nicheke lakini baadaye. Mkono wangu ulikuwa umelowa mate, na kwenye kidole kulikuwa na mkwaruzo wa jino unaotoa damu.

Nikautoa mkono taratibu ili nisimshtue. "Mama, nipe sabuni. Na maji, mengi."

Nilinawa kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikajikunja. Nikamlazimisha naye anawe, na hapo nikaiona mikono yake. Ilikuwa imepasuka-pasuka yote kwa kazi ya kupura maharage, nyufa nyekundu mpaka kwenye vidole. Mikono hiyo ilikuwa mdomoni mwa Kamanda tangu asubuhi, ikimtafutia mfupa, ikimlisha uji.

Dada, huo ugonjwa ukishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna hospitali inayoweza kumrudisha. Sindano ni za kuuwahi tu kabla haujaanza. Mgonjwa anakuwa na kiu, akiletewa maji koo linajifunga, anayaogopa maji. Nilikuwa nayajua haya yote kwa kusoma. Siku ile niliyajua kwa kidole changu.

Tulimfunga Kamanda kwa kamba ndefu, nikakataza mtu yeyote asimsogelee, nikampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya. Kesho yake mbwa akafa. Katika mkoba wangu nina dawa ya kupe, ya minyoo, na ya ng'ombe aliyevimba tumbo. Kwa Kamanda sikuwa na kitu chochote, na mama yule alikuwa amekuja kwangu mbio.

Kichwa cha Kamanda kilichukuliwa kupelekwa maabara. Sikutaka tusubiri majibu. Nikaenda kwa Mama Paskali, nikamwambia twende hospitali Katesh, tukachomwe sindano.

"Kamanda hakuniuma," alisema. "Sindano ni ya mtu aliyeumwa. Mbwa wangu hajawahi kuniuma tangu nimlete hapa akiwa mdogo."

"Mama, mate yanatosha. Angalia mikono yako."

"Amekufa na mfupa wake. Wewe ulienda ndani sana, ukausukuma chini."

Nilimweleza kama nilivyofundishwa, mwanzo mpaka mwisho. Akawa anapepeta maharage yake. Aliogopa pia majirani wasije wakasema amefuga mbwa kichaa, halafu mbwa wa kijiji kizima wapigwe marungu. Nikamwambia mficha maradhi kilio kitamuumbua. Akaniangalia.

"Mimi kilio nimeshalia, daktari. Nilimlilia mume wangu."

Ile bodaboda niliyoiita ilikuwa imeshafika, inanguruma nje. Nikakaa kwenye kigoda chake nikaanza kulia, mtu mzima na sare ya kazi. Sikulia kwa ujanja wa kumshawishi, nakuapia. Hofu ilikuwa imenijaa mpaka ikamwagika.

"Mama, mimi naogopa," nilisema. "Sina ndugu huku. Naogopa kwenda peke yangu."

Aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka amevaa viatu na kitenge chake cha kanisani.

"Mtoto wa watu haendi hospitali peke yake," alisema. "Nakusindikiza. Nakusindikiza tu."

Tukapanda wote wawili ile pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Kule hospitali muuguzi alifurahi kuona tumekuja wawili, maana alisema chupa ikishafunguliwa haikai. Nikatangulia mimi. Kisha akamgeukia mwenzangu: "Na wewe mama, toa mkono."

"Mimi nimemsindikiza huyu."

"Basi nisindikize mpaka mwisho, mama," nilimwambia.

Akavuta juu mkono wa blauzi.

Majibu ya maabara yamekuja. Ni kichaa cha mbwa kweli. Nilipompa habari hiyo hakulia wala hakubisha, aliuliza tu kama Kamanda aliumia sana. Nilisema sijui. Sasa watu wanaleta mbwa wao kuchanjwa, wamewafunga kamba za katani, na Mama Paskali ndiye anayewapanga foleni kwa ukali ambao hata mimi unanitisha.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni jambo la juzi. Niliamka koo linauma. Mwili wa moto. Kikombe cha maji kilikuwa mezani, nikanyoosha mkono nikichukue, nikaurudisha. Nilikuwa nimeshachomwa sindano zote isipokuwa ya mwisho, na najua kwa akili zangu kwamba tuliwahi. Akili ilikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilikaa kitandani nakiangalia kikombe. Nilifikiri nikijaribu na koo likakataa, basi nitakuwa nimejua, na ni afadhali nisijue. Niliwaza mama ataambiwa na nani.

Mama Paskali akaja kunichukua, ilikuwa siku ya kwenda Katesh kwa ile ya mwisho. Akabisha hodi, akaingia mwenyewe.

"Umekunywa chai?"

"Hapana, mama."

"Maji je?"

Nikageukia kikombe. Aliniangalia, akaangalia kikombe, akaelewa. Dada, nilimwona anaelewa, na nikaona naye amepauka. Alikaa kitandani kando yangu, akachukua kikombe, akapiga funda moja yeye kwanza. Akameza. Halafu akaniwekea mkono nyuma ya shingo, mkono ule wenye nyufa, akanisogezea kikombe mdomoni.

"Meza."

Nilimeza. Yaliuma, lakini yalipita. Nikanywa mengine, na mengine, mpaka kikombe kikawa kitupu, yanamwagikia kifuani, tunalia wote wawili. Kule hospitali waliniangalia wakasema ni mafindofindo, vumbi na baridi ya huku. Wakanipa vidonge.

Hofu haijaisha yote, sikudanganyi. Nikimeza mate nasikiliza kwanza. Niombee, na umwombe shemeji naye aniombee, yeye si ndiye mzee wa kanisa wa nyumba yenu. Wasalimie baba mdogo, fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, na watoto wote. Mwambie mama namkumbuka sana. Akikuuliza Otilia ameandika nini kurasa zote hizi, mwambie tu mwanao anakunywa maji.

Mdogo wako akupendaye,
Otilia