Medali ya tembo mweupe na kuku tisa

Mama Hulda, mushauri mupendwa, ninaomba musaada yako mbele ya siku ya ine, juu siku ya ine ya hii juma mutoto yangu Esdras anaitwa kwa tribunali ya chef, mukubwa ya inchi, na minyi sikusoma sana, nilisoma paka katekisimu tu, lakini hii barua niliandika mwenyewe, usihesabu makosa.

Esdras eko karani ya gare ya gari la moshi hapa Kamina, eko na miaka makumi mbili na munane, hakunywaka, hakupiganaka, bibi hana, juu bibi atakaa wapi, nyumba yote iko ya mamedali. Benzake banakusanya mbuzi, yeye anakusanya mamedali ya mulopwe, ule mufalme, ya Siam. Nilimuuliza kama hiyo Siam ni karibu na Bukama, akacheka, asema ni mbali kupita Ulaya, na leo banaiitaka Thaïlande. Yote ilitoka kwa juge mumoja muzee, hakimu, muzungu mwenye marehemu bwana yangu alimupikiaka. Baba ya ule juge alitumikaka Siam, kufundisha mulopwe ya kule mambo ya sheria, bakamupatia medali, na juge alipopanda gari la moshi kurudi kwabo, akamuachia Esdras boîte nzima, sanduku yenye kujaa mamedali, na barua ya kushuhudia kama alimupatia. Zingine Esdras alizipata kwa posta, anabadilishana na matimbre ya barua ya Congo. Sasa kila dimanche kiisha misa anazipanga juu ya meza yangu, anakamata loupe, kile kioo ya kukuza vitu, anaangalia tembo anasimama namna gani, taji iko na umbo gani, anageuza nyuma kutafuta chapa ya mufuaji, anaangalia ruban, ule utepe yake, rangi kwa rangi, kiisha anasema: «Mama, hii ni ya mbele ya 1909.» Ninamujibu: «Muzuri, baba. Na bukari, tutaikula mbele ya 1960?»

Basi Pasaka, siku ya ubatizo ya mutoto ya mudogo yangu, jina yake Mujinga, nilimuomba Esdras avae ile ya tembo mweupe kwa shingo. Akakataa: «Mama, hii anaivaa mwenye alipewa.» Nikalia. Akavaa. Na Mama Hulda, siwezi kukudanganya, nilijua muzuri kama kwetu huku mwenye kuvaa medali kwa shingo ni chef, njo alama yake, serikali njo inamupatia. Nilitaka bantu bamuone mutoto yangu. Balimuona! Muzee mumoja akapiga magoti, akapiga makofi, nikasikia utamu mupaka mu mifupa. Pale pale Amédée, mupwa ya chef, akauliza: «Ni ya mwaka gani?» Uliza Esdras kitu kingine, atanyamaza. Umuulize mwaka, weee! «Ya mbele ya 1909.» Amédée asema: «Ya chef walimupatia 1921.» Na mutoto yangu, mwenye akili, karani, akajibu na kicheko: «Aa, ile ingali mutoto.»

Kama ingekuwa paka ile maneno, ningeomba bakubwa baombe musamaha. Lakini tangu ile siku bantu banakuya kwa mulango ya nyuma, saa Esdras eko kazini, banaleta kuku asema «mulopwe mupya» abaamulie mambo ya mashamba na ya mabibi. Na minyi nilizipokea. Kuku tisa. Niliwaambia: «Acha hapa, nitamufikishia.» Tulikula sita. Esdras anafikiri nilizinunua kwa soko, anasifu supu. Sasa chef alisikia kama mutoto yangu anapokea mulambu, ile zawadi yenye kwetu inamufikia paka mwenye inchi. Watamufunga, gare itamufukuza. Yeye anajua anaitwa juu ya ule muzaha tu, eko anaandika makaratasi ya kumuelezea chef balopwe bote ya Siam tangu wa kwanza. Nikisema, hatakula tena mu mukono yangu. Nikinyamaza, watamuuliza kuku mbele ya bantu, na ataapa kwa Mungu kama hakuna. Nifanye nini?

Minyi Mama Esdras, cité ya Kamina

Jibu ya Mama Hulda

Mama ya mulopwe,

Nimesikia moyo yako inahangaika. Na zile kuku tatu zenye zinabaki zinahangaika pia.

Unamucheka mutoto juu ya mamedali yake. Lakini yeye, kila medali anajua ilitoka kwa nani, ilifika namna gani, mwaka gani. Weye na kuku yako tisa, unaweza kutaja benyewe? Anza pale. Leo, Esdras akitoka gare, umuambie yote mbele hajagusa supu, na usilie. Machozi yako ilishavalisha muntu medali mara moja, inatosha. Atakasirika. Muache akasirike. Ni bora akukasirikie ndani ya nyumba kuliko aape uongo mbele ya bantu, bila kujua.

Kesho, zile tatu zirudi kwa benyewe, na sita zingine utafute zenye unene ule ule, usiniletee vifaranga. Kila mulango upige weye mwenyewe, useme: «Mutoto yangu hana inchi. Eko karani.» Utasikia haya. Ile utamu ya Pasaka, njo bei yake.

Kiisha usingojee siku ya ine. Siku ya tatu utangulie kwa chef na miguu yako, useme: «Kuku nilizipokea minyi, Esdras hakujua.» Sitakuahidi atacheka. Lakini mama mwenye anajishitaki mwenyewe, ni kazi kumufungia mutoto. Esdras akufuate nyuma na boîte yenye kufungwa, shingo wazi, na ile barua ya juge kwa mukono. Aombe musamaha juu ya «ingali mutoto», maneno mbili, tatu, basi. Balopwe ya Siam babaki nyumbani, chef hakubauliza.

Unamupenda mutoto yako, ulitaka aonekane, na hiyo si zambi. Zambi ni kumupatia inchi ya muntu mwingine.

Na neno moja tena. Akimaliza kuwagombeza, chef ataomba kuona ule tembo, juu kila muntu anataka kuona tembo. Kiisha atavua medali yake mwenyewe, amupatie Esdras: «Na hii, unasema nini?» Esdras ataigeuza nyuma, atatoa loupe, atavuta pumuzi.

Hapo, mama, simama karibu naye, na umukanyage muguu.